Mkutano ni Wenu, na Daftari Lake ni Lenu

(Mazungumzo kwa wahitimu wa kisomo wanaoishi pembezoni mwa miji ya Mbeya na Iringa)

  

Nimeombwa nizungumze juu ya mikutano. Najua wengine wenu mkilisikia neno hilo mnachoka kabla sijaanza. Mikutano tunayo mingi mno. Upo wa kijiji, upo wa mtaa, upo wa kitongoji, upo wa wazazi shuleni, upo wa maji, upo wa chama cha ushirika. Mtu ana palizi inamngoja, ana mtoto mgonjwa, ana viazi vya kupeleka sokoni Mwanjelwa. Anajisemea, “Niende nikakae juani saa tatu, kisha wafanye walichokwisha kupanga? Siendi!”

Basi leo sikuja kuwaambia mwende kwenye mikutano mingi zaidi. Nimekuja na jambo moja tu. Mkutano ambao maamuzi yake hayakuandikwa, au yameandikwa lakini hayakusomwa mbele ya watu, ni mkutano nusu. Na nusu ile iliyobaki ni kazi yenu ninyi mnaojua kusoma. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Shule ni mali. Ardhi ni mali. Hebu tuone daftari lake liko wapi.

SHULE HIZI ZIMEJENGWA NA NANI?

Tuanze nyuma kidogo. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alitoa maelezo yake juu ya Elimu ya Kujitegemea. Shule zikatakiwa ziwe na mashamba, watoto walime, wale, na wajifunze kazi. Ndiyo maana shule nyingi za msingi za zamani katika nchi hii zilipewa eneo kubwa. Halikuwa la majengo peke yake. Lilikuwa na shamba la mahindi, la maharage, na mara nyingine miti.

Mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka kila mtoto apate elimu ya msingi, na mwaka 1977 kazi hiyo ikaanza nchi nzima. Madarasa yalikuwa machache, watoto walikuwa wengi. Nani alijenga? Wananchi. Walifyatua matofali, walikata nyasi za kuezeka, walibeba maji kichwani. Baadaye, miaka ya 2000, zikaja shule za sekondari za kata. Na hapo tena wananchi walisimamisha maboma, yaani kuta bila paa, Serikali ikasaidia kuezeka.

Kwa hiyo mtu asiwaambie eti shule ni ya mwalimu mkuu, au ni ya mtendaji. Ile ardhi mlifyeka ninyi au wazazi wenu. Yale matofali yana jasho lenu.

Na kisomo nacho kilikuwa hivyo hivyo. Mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Wakati wa sensa ya 1967, watu wazima wapatao wawili katika kila watatu hawakujua kusoma. Ilipofika mwaka 1986, hesabu za Serikali zilionyesha kuwa wasiojua walikuwa wamebaki chini ya 10 katika kila 100. Baadaye kisomo kililegea, na idadi ya wasiojua ikapanda tena. Lakini lengo lake halikuwa mtu aweze kuandika jina lake tu. Lengo lilikuwa asitie dole gumba kwenye karatasi asiyoijua.

NANI NI NANI KATIKA MKUTANO?

Mwaka 1972 Serikali ilivunja halmashauri za wilaya, na za miji zikafuata. Mpango ule uliitwa Madaraka Mikoani. Madaraka yalikwenda mikoani kweli, lakini yalikwenda kwa maofisa. Mwananchi hakuwa na diwani wa kumwuliza. Mwalimu Nyerere mwenyewe alisema baadaye kwamba kuzivunja lilikuwa kosa. Halmashauri za miji zilirudishwa mwaka 1978. Sheria za mwaka 1982 zikaweka mfumo tulio nao, Sheria Namba 7 kwa wilaya na vijiji, na Namba 8 kwa miji. Katiba nayo, katika Ibara za 145 na 146, inasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi.

Sasa sikilizeni vizuri hapa.

Katika kijiji, mwenye kauli ya mwisho ni Mkutano Mkuu wa Kijiji. Huo ni wa wakazi wote wenye umri wa miaka 18 au zaidi. Mwanamke yumo. Kijana yumo. Asiye na shamba yumo. Unatakiwa ukae angalau mara moja kila miezi mitatu. Chini yake ipo Halmashauri ya Kijiji, yenye wajumbe 15 hadi 25.

Mwenyekiti huchaguliwa na ninyi. Uchaguzi wa mwisho ulifanyika tarehe 27 Novemba 2024. Afisa Mtendaji yeye huajiriwa, hamkumpigia kura. Ndiye anayeandika muhtasari na kutunza madaftari. Basi mwenyekiti mnamwuliza kwa sababu mlimchagua, na mtendaji mnamwuliza kwa sababu kuwatumikia ndiyo kazi anayolipwa mshahara.

Shuleni nako ni vivyo hivyo. Shule ya msingi ina kamati ya shule, na humo wamo wawakilishi wa wazazi. Mwalimu mkuu ndiye katibu wake. Shule ya sekondari ina bodi, ambayo wajumbe wake huteuliwa. Msichanganye hivyo viwili. Mjumbe wa kamati aliyetumwa na wazazi ana wajibu wa kurudi kwa wazazi na kusema, “Tulikaa, tukaamua hivi, fedha zimekwenda hivi.” Asiporudi, amejituma mwenyewe.

KIJIJI KINAPOMEZWA NA MJI

Ndugu zangu, ninyi mnakaa mahali pagumu. Hampo shamba kabisa, na hampo mjini kabisa. Mbeya ilipewa hadhi ya jiji mwaka 2005. Iringa ni manispaa. Miji hii inatembea. Angalieni Uyole, Isyesye na Iyunga kwa upande wa Mbeya. Angalieni Kihesa, Kitwiru na Nduli kwa upande wa Iringa. Angalieni Mbalizi, ambayo imekuwa mji mdogo. Palipokuwa na mahindi sasa pana nyumba za bati na maduka.

Mji ukifika una faida zake. Umeme unakuja, barabara inakuja, kiwanja kinapanda bei. Sikatai. Lakini kuna jambo linabadilika kimya kimya, na wengi hawalijui mpaka limekwisha kupita.

Kijiji kilichosajiliwa kina nguvu ya kisheria. Kinaweza kumiliki mali, kushtaki na kushtakiwa. Na kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji haiwezi kugawa ardhi ya kijiji bila Mkutano Mkuu kukubali kwanza. Yaani neno lenu ndilo kufuli.

Kijiji kikigeuzwa kuwa mtaa wa mji, kufuli hilo linaondoka. Mtaa una mwenyekiti, una kamati, na una mkutano wa wakazi. Lakini hauna nguvu ile ya kijiji juu ya ardhi. Mipango ya viwanja inakwenda kwa mamlaka ya mji. Mtaweza kutoa maoni, mtaweza kulalamika, lakini kufuli hamnalo tena.

Sasa niulize: shamba la shule litakuwa la nani siku hiyo?

Hapo ndipo watu hushtuka. Wakati kijiji kiko mbali na mji, shamba la shule la ekari kumi halina mtu wa kulitamani. Mji ukifika, kila kipande chake ni kiwanja. Leo anakuja mtu anaomba sehemu ndogo ya kibanda. Kesho mwingine anasogeza ua wake hatua tano. Keshokutwa inapitishwa njia. Miaka kumi ikipita, shule ina watoto mara mbili ya wale wa zamani, na haina mahali pa kujenga choo wala uwanja wa mpira.

Kumbukumbu za wazee hazitoshi kulilinda. Mzee anajua mpaka ulikuwa kwenye mti fulani. Mti umekatwa, na mzee amefariki. Kinacholinda ni maandishi. Eneo la shule lipimwe, liwekewe bikoni, na hati au ramani yake ijulikane iliko. Na yote hayo yaandikwe katika muhtasari wa mkutano wakati bado mnaitwa kijiji. Aliyekwisha kuwa mtaa naye asikate tamaa. Aulize leo, maana kesho itakuwa gharama zaidi.

HESABU YA DARASA MOJA

Tuje kwenye fedha. Ada katika shule za msingi za Serikali iliondolewa kuanzia mwaka 2002, na kuanzia mwaka 2016 ikaondolewa mpaka kidato cha nne. Januari 2018 Rais John Magufuli alikataza walimu kukusanya michango kwa wanafunzi. Haki ya mtoto kukaa darasani haitegemei mfuko wa baba yake. Mchango wa kujenga unaweza kuwapo wananchi wakikubaliana wenyewe, lakini lazima ufuate taratibu, na mtoto asirudishwe nyumbani kwa ajili yake.

Kuna fedha mbili za kuulizia. Ya kwanza ni ruzuku inayotoka Serikalini. Mpango ulioanza mwaka 2016 uliweka shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, shilingi 6,000 ziende shuleni na 4,000 ziwe za vitabu. Toeni madaftari tupige hesabu. Shule ikiwa na watoto 500:

500 mara 6,000 ni shilingi 3,000,000 kwa mwaka.
Gawanya kwa miezi 12, ni shilingi 250,000 kwa mwezi.

Basi mzazi akisikia shuleni hakuna hata chaki, haanzi kwa kumgombeza mwalimu mkuu. Anauliza kwa heshima, “Mwalimu, mwezi huu fedha imefika kiasi gani?” Huenda imefika pungufu. Huenda imechelewa. Jibu hilo liandikwe, ili lipelekwe mbele. Mwalimu mkuu mwenye kamati inayojua hesabu ana watu wa kumsaidia kudai. Mwalimu mkuu asiye nayo anabeba lawama peke yake.

Fedha ya pili ni michango yenu. Tuchukue mfano wa kujifunzia tu, bei zake si za duka lolote. Kaya 240 zimekubaliana kutoa shilingi 5,000 kila moja. Zinatakiwa 1,200,000. Kaya 200 zimelipa, kwa hiyo zipo 1,000,000. Taarifa ya matumizi inasema hivi:

Saruji mifuko 30, kila mmoja 18,000: jumla 540,000.
Mchanga malori 2, kila moja 120,000: jumla 240,000.
Fundi: 150,000.
Fedha zimekwisha.

Hebu jumlisheni. Mnapata 930,000. Fedha zimekwishaje? Zimebaki 70,000. Labda zimelipia usafiri wa saruji, na aliyeandika amesahau. Labda sivyo. Hatujui, na ndiyo maana tunauliza. Kuuliza si kumwita mtu mwizi. Mtu mwaminifu akiulizwa hufurahi, kwa sababu jibu lake linamsafisha mbele ya watu wote. Asiyependa kuulizwa ndiye anayeacha maneno yazagae kilabuni na kwenye mashine ya kusaga. Na maneno yakizagaa, mwaka ujao hakuna atakayechanga, hata kama darasa linadondoka. Watakaokaa chini kwenye vumbi si mimi wala wewe. Ni watoto.

IRINGA ILIFANYA HIVYO KWA AFYA

Mtasema mambo ya kusoma hesabu mkutanoni ni ya wasomi. Hapana. Mkoa huu wa Iringa ulikwisha kuonyesha nchi kwamba wanavijiji wanayaweza.

Kuanzia mwaka 1983 palikuwa na mpango wa lishe, Serikali ikisaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani. Ulianza na vijiji 168. Watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa uzito siku ya afya ya kijiji. Hesabu zile hazikupelekwa mjini tu na kufungiwa kabatini. Zilisomwa kijijini penyewe. Viongozi na wazazi walielezwa watoto wangapi wamepungua uzito, wakauliza kwa nini, wakaamua la kufanya. Hapa mama anakwenda shamba alfajiri, mtoto anakula mara moja tu kwa siku. Basi na tuanzishe mahali pa kulelea na kulishia watoto. Baada ya miezi mitatu watoto walipimwa tena ili kuona kama uamuzi umefaa.

Matokeo? Mwaka 1984 watoto waliokuwa na utapiamlo mkali walikuwa kama 6 katika kila 100. Mwaka 1988 walikuwa wamepungua, hawakufika 2. Dawa haikuwa hospitali kubwa. Sehemu kubwa ya dawa ilikuwa namba iliyosomwa mbele ya wenye watoto, tena ikasomwa tena miezi mitatu baadaye. Shule nayo inaweza kufanyiwa hivyo hivyo. Someni idadi ya madawati, idadi ya matundu ya choo, idadi ya watoto wasiofika darasani. Amueni. Kisha mkutano unaofuata someni tena.

KARATASI YA MAHUDHURIO

Sasa nitaje hila moja ya zamani, ambayo imesikika sehemu nyingi za nchi hii. Mnaingia mkutanoni, inapitishwa karatasi, kila mtu anaandika jina na kutia sahihi. Mnazungumza habari za barabara, mnaondoka. Baadaye majina yale yanabandikwa nyuma ya muhtasari mwingine, unaosema kwamba mmekubali eneo fulani likatwe, apewe mtu fulani. Sahihi ni zenu. Uamuzi si wenu.

Dawa yake ni nyepesi, haina gharama. Kabla ya kutia sahihi, tazama juu ya karatasi. Je, imeandikwa tarehe? Imeandikwa ni mkutano wa nini? Ajenda zimetajwa? Kama juu ni peupe, usitie sahihi. Sema, “Ndugu Mtendaji, naomba kichwa cha karatasi kiandikwe kwanza.” Akisema, “Nitaandika baadaye,” mjibu kwa upole, “Basi na mimi nitatia sahihi baadaye.”

FANYENI HIVI

Kwanza, wakati wa kufungua mkutano, dai usomwe muhtasari wa mkutano uliopita. Usomwe wote. Kama kuna uongo, usahihishwe hapo hapo kabla haujathibitishwa.

Pili, kabla ya kufunga, maamuzi yasomwe kwa sauti. Kila uamuzi uwe na mtu wa kuutekeleza na siku ya kuumaliza. “Tutashughulikia” si uamuzi.

Tatu, chagueni saa na siku inayofaa wote. Kuanzia Novemba mpaka Aprili watu wako kwenye mvua, kupanda na kupalilia. Mkutano wa asubuhi siku ya kazi unawaacha kina mama nje, na wao ndio wanaojua zaidi kama mtoto amekwenda shule na tumbo tupu.

Nne, mapato na matumizi yabandikwe kwenye ubao wa matangazo, wa shule na wa kijiji au mtaa. Ninyi wahitimu wasomeeni majirani wasiojua kusoma. Msiwacheke.

Tano, kila mmoja awe na daftari lake dogo. Andika tarehe, kilichoamuliwa, na kiasi cha fedha. Na kila ukitoa mchango, dai stakabadhi uitunze.

Sita, mkinyimwa taarifa, msipigane. Andikeni barua. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inampa mwananchi haki ya kuomba taarifa katika ofisi ya umma, na ofisi inatakiwa imjibu ndani ya siku 30. Bakini na nakala ya barua. Kisha yupo mtendaji wa kata, yupo diwani, yupo mkurugenzi wa halmashauri, yupo mkuu wa wilaya. Penye harufu ya rushwa, ipo TAKUKURU.

Ndugu wahitimu, kiongozi mzuri hatishwi na watu wanaosoma. Anasaidiwa nao. Na kiongozi mbaya huwategemea wanaonyamaza. Mkutano ujao ukitangazwa, nendeni na kalamu.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mkutano wa mwisho wa kijiji au mtaa wenu ulifanyika lini? Uliamua nini, na nini kimetekelezwa?

2. Mnawajua wawakilishi wa wazazi katika kamati ya shule yenu? Waliwaletea taarifa lini?

3. Mipaka ya eneo la shule yenu iko wapi? Limepimwa? Hati au ramani yake iko kwa nani?

4. Shule yenu ina wanafunzi wangapi? Pigeni hesabu ya ruzuku kama tulivyofanya hapo juu, kisha ulizeni shuleni kilichofika.